Mkwe wa Kiongozi wa Waasi

Nimefanya kazi nyingi za kipuuzi katika jiji hili la Brussels, lakini ile ya kuwa mwanakijiji wa uongo imezipita zote. Aliyenitia humo ni Maman Marie-Jeanne, bosi wangu wa saluni pale Galerie d'Ixelles, Mkongomani wa Likasi, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi na mawigi ya kila siku ya juma. Mimi Mwanakombo, wa Tanga, kazi yangu ni kusuka wateja wake na kuvumilia mdomo wake.

Mwaka 2012 majeshi ya nchi tano za Ulaya yalifanya mazoezi ya pamoja katika kambi ya zamani upande wa Evere. Yalikuwa na droni mpya yenye kamera ambayo, walivyojisifu, huhesabu vifungo vya shati lako kutoka mawinguni, na picha zake zilifika kwa majeshi yote kwa mpigo. Kilichokosekana ni watu wa kutafutwa. Basi wakaja mtaani kwetu Matonge kukodi Waafrika waigize kijiji cha nchi isiyokuwepo. Mimi nilipewa nafasi ya mwanakijiji mwenye huzuni, na kwa baridi ile sikuhitaji kuigiza. Maman alitaka cheo. Wakampa cha kiongozi wa waasi.

Sasa, nyumbani Maman alikuwa na vita vyake vya kweli. Binti yake wa pekee, Emmanuella, alitaka kuolewa na Lander, luteni wa jeshi la Ubelgiji, kijana mrefu mwenye masikio makubwa. Kwao Maman, mkwe humwonea haya mama mkwe: hamtazami usoni, hampi mkono, hali chakula mbele yake. Lander, siku ya kwanza kuletwa nyumbani, alimbusu shavuni, akamkazia macho, kisha akaomba aongezewe bukari, yaani ugali wao.

"Bon, mutoto ule hana haya," Maman aliniambia kesho yake, akichana wigi kwa hasira. "Ananiangalia mu macho sawa vile tulisoma naye classe moja. Mi siwezi kumupa mutoto wangu."

Emmanuella alilia wiki nzima. Kisha akafuta machozi, akaanza kumfundisha Lander adabu za kwao, moja baada ya nyingine. Lakini Maman hakumpa nafasi ya kuzionyesha. Kila Lander alipobisha hodi, mlango haukufunguliwa.

Siku ya mazoezi mvua ilinyesha bila huruma. Maman alijificha nyuma ya kibanda cha mbao, mimi kando yake, na kwa kuwa yeye hajifichi na njaa, alibeba bakuli la makayabu, samaki wa chumvi. Wigi lililoloa likaanza kumwasha. Akalivua, akalitundika kwenye bunduki yake ya plastiki, akanyoosha miguu, akawa anajikuna kichwa huku anakula. Ndipo droni ikaja ikasimama juu yetu, ikivuma kama mashine ya kunyolea. Nikajua tumekwisha, na nikafurahi, maana tungekwenda kunywa chai.

Droni ikaondoka zake. Tukakaa kwenye tope mpaka jioni, ikatangazwa kwamba kiongozi wa waasi hakuonekana, hivyo waasi wameshinda.

Tukaitwa wote ukumbini. Kapteni Karel, Mholanzi aliyevimba kwa hasira, akatuonyesha ukutani picha za droni. Maman alikuwa pale mzima mzima, kichwa wazi, mwiba wa samaki mkononi. Watu walicheka, mimi kuliko wote. Karel akauliza nani alikuwa akitazama skrini. Kwa makubaliano yao saa ile ilikuwa zamu ya Ubelgiji, kwa hiyo wale wengine wanne walikuwa wanakunywa kahawa. Akasimama Lander, macho chini, masikio mekundu. Maman, ambaye hakujua kwamba Lander yumo katika mazoezi hayo, alinibana mkono mpaka nikaumia.

"Ulimwona?" Karel aliuliza kwa Kifaransa.

"Kidogo, kapteni. Kisha nikageuka, nikatazama ukuta mpaka droni ikapita."

"Kwa nini?"

"Naomba awe mama mkwe wangu. Na hakuwa na wigi. Haifai nimtazame."

"Si ungetuambia tu alipo?"

"Kumwonyesha kwa kidole ni vibaya zaidi."

Jibu hilo likatafsiriwa kwa kila lugha iliyokuwamo, na ukumbi ukanyamaza kwa mafungu. Sajenti mmoja Mhispania alitikisa kichwa kwa kuelewa. Nadhani naye ana mama mkwe.

Maman akavaa wigi lake, akalinyoosha. Hakumsemesha Lander, maana hilo nalo haliruhusiwi. Alinigeukia mimi, kwa sauti ya kuyatosha majeshi yote matano.

"Mwanakombo, umwambie ule mutoto akuye dimanche na wazazi wake. Atakula ku cuisine, mi nitabakia ku salon. Na bukari, atakula mpaka ashibe."

Nikamwambia Lander aje Jumapili, ale jikoni na Maman abaki sebuleni, ingawa alikuwa karibu na amesikia kila neno. Akaniambia nimwambie Maman asante. Nikamwambia. Machozi yalinilengalenga, mimi niliyekuja kwa ajili ya chai tu.

Lander alipewa adhabu ya kuosha magari ya jeshi, akayaosha akipiga mluzi. Walifunga ndoa katika manispaa ya Forest mwaka uliofuata. Picha ya arusi iko saluni juu ya kioo: Emmanuella anacheka, Maman amevaa wigi jipya, na bwana arusi ametazama pembeni kabisa, kama mtu anayeona basi lake linaondoka. Wateja hawaachi kuuliza ana nini.

"Ni mukwe wangu," Maman huwajibu, akiifuta picha kwa kanga yangu. "Angalia vile haniangalie."