Majina Niliyoyapeleka Baharini

Mwanangu, iko siku moja ambayo mpaka leo, meno yamekwisha kinywani, nikiikumbuka moyo hunienda mbio vilevile. Keti hapa karibu nikusimulie, maana nasikia unasafiri, na tena nasikia unajisifu. Kusafiri si vibaya. Mimi nilisafiri kabla baba yako hajazaliwa, na nilisafiri kifalme, si kama wewe utakayelala juu ya magunia ya watu.

Ilikuwa zama zile Waingereza wangali wanashika Kismayu, na mimi kijana wa miaka ishirini na kitu, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Mjomba wangu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi na magamba ya kasa pale mjini, mtu anayesikilizwa akisema. Alikuwa amekata tikiti ya kwenda Unguja kwa meli kubwa ya moshi, chumba cha daraja la kwanza, na si chumba chochote bali kile kikubwa kuliko vyote, chenye sebule yake na bafu lake. Alitaka walau mara moja katika maisha yake asafiri bila kulala na mbuzi. Siku chache kabla ya safari homa ikamwangusha kitandani. Tikiti haikurudishika, na barua ya kumpelekea mshirika wake Unguja haikuweza kungoja. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akaguna, akasema basi niende mimi.

Nikavuka hadi kisiwani kwetu Koyama kumuaga mama. Habari ilikwisha kunitangulia. Nilimkuta Mwalimu Lali, khatibu wa msikiti wetu, ameketi barazani kwetu ananisubiri, na mapajani mwake ameuweka msahafu wa msikiti.

Msahafu ule haukuwa kama hii mnayonunua dukani. Babu yake Mwalimu Lali ndiye aliyeuandika kwa mkono wake, kwa wino wa masizi na gundi, na kurasa za mwisho aliziacha tupu. Katika kurasa hizo kila mtu wa visiwa vyetu aliyepotea baharini na maiti yake isionekane, aliandikwa jina lake na jina la baba yake. Aliyezikwa ana kaburi lake, mkewe atakwenda kulifagia. Hawa hawakuwa na mahali popote ila pale. Kila mwaka tulisoma khitima, kisha Mwalimu akayasoma majina moja baada ya moja, na wanawake nyuma ya pazia walikaa wakisikiliza mpaka lipite la mtu wao. Nilikuwa nikiwasikia wakivuta pumzi.

Sasa wadudu walikuwa wamekula mgongo wa msahafu, jalada la nyuma limeachana na kurasa, na Unguja alikuwako fundi wa majalada anayeaminika. Mwalimu aliufunga mbele yangu. Kwanza kitambaa cheupe, halafu kipande cha tanga kuukuu kilicholoweshwa kwa mafuta ya papa na nta, kile ambacho watu wa kwetu hufungia kitu wasichotaka kiguswe na maji. Juu yake akakaza kamba ya kumbi.

"Usifungue mpaka ukanyage nchi kavu," akaniambia. "Na uweke juu. Mai huingia kwa chini."

Hivyo ndivyo tulivyozoea. Chombo cha mbao huvuja, na maji hukusanyika chini, kwa hiyo msahafu hutundikwa kwenye mlingoti, juu ya vichwa vya watu wote. Nikamwambia asitie shaka, nikaubeba kichwani mpaka mashuani.

Basi nikapanda meli. Mwanangu, mimi nilizaliwa katika nyumba ya makuti, na siku ile nikafunguliwa mlango wa mahali nisipojua nikanyage wapi. Zulia lilimeza nyayo. Viti vilikuwa vya mahameli mekundu, kitanda ni cha shaba na kimepigiliwa sakafuni, na ukutani kuna bomba, ukilizungusha maji matamu yanatoka. Nilinawa mikono mara tatu bila sababu. Chakula nililetewa peke yangu kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Mimi ambaye sijawahi kula ila mikono mitano sita imo kwenye sinia moja, nilikula peke yangu, na badala ya kuona upweke nikaona kwamba hivi ndivyo nilivyostahiki siku zote.

Aliyenihudumia alikuwa Mngazija mtu mzima, jina lake Mbae, mwenye koti jeupe na sauti ya chini. Ndiye aliyenionyesha kibla kilipo. Alikuwa ameosha vyumba vya meli ile miaka mingi, na nilimwita kwa kupiga makofi. Nikikumbuka makofi yale naona haya mpaka sasa.

Siku ya pili asubuhi, tukiwa tumetia nanga Lamu, nilikuwa nimeuacha mlango wangu wazi ili wapitao waone sebule yangu. Akapita tajiri mmoja mwenye vifungo vya dhahabu, yeye na mkewe. Mkewe akaziba pua kwa shela. Yule bwana akamwuliza Mbae kama kuna kitu kimeoza humo ndani. Kilichonuka kilikuwa kile kipande cha tanga cha Mwalimu Lali. Sebule nzima ilinuka ufuko wa Koyama siku wanapopasuliwa papa, na mimi nilikuwa nimeuzoea sana mnuko ule hata sikuujua kuwa ni mnuko.

Niliona aibu, mwanangu. Sikusema kwamba hiyo ni amana ya watu. Nilicheka, nikasema nitakitupa. Walipokwisha kupita nikaikata kamba, nikakivua kile kipande cha tanga, nikafungua dirisha na kukitupa baharini. Ule msahafu, ndani ya kitambaa chake cheupe tu, nikauweka mahali pa juu kabisa pa chumba kile, kama nilivyousiwa. Mahali hapo palikuwa rafu ndogo iliyo chini kidogo ya dirisha, juu ya kitanda. Dirisha nikaliacha wazi mnuko uishe.

Meli ikang'oa nanga baada ya adhuhuri. Ulikuwa msimu wa kusi. Mbae akaja kuondoa vyombo, akaliona dirisha.

"Bwana, tukitoka Lamu madirisha ya upande huu hufungwa," akasema. "Kusi inatupiga ubavuni."

Nilikuwa nimejinyoosha kitandani. Nikamjibu bila kuinuka, kwa lugha ya kwetu ambako mtu ni mchu. "Mimi ni mchu wa Koyama. Wewe utanifundisha bahari? Kazi yako ni shuka."

"Hewala, bwana. Basi niruhusu nikitie kitabu kabatini humu chini."

"Msahafu hauwekwi chini ya mchu," nikamwambia. Akainamisha kichwa, akatoka na sinia yake.

Unaona nilivyokuwa mjuzi? Na kweli bahari niliijua, lakini niliijua kutoka ndani ya mashua. Humo mwili ndio unaokwambia. Wimbi likijikusanya kwa mbali, makalio yako yanajua kabla ya macho. Pale juu ya godoro la pamba, bahari ikiwa mbali sana chini ya dirisha, mwili wangu haukuambiwa kitu. Nilichungulia mara moja tu, nikaona maji yametandikwa kama mkeka, nikalala usingizi wa shibe.

Kilichoniamsha sikukisikia kama maji. Nilisikia mshindo, nikadhani meli imegonga mwamba. Bahari iliingia kwa lile dirisha duara kwa unene wa dirisha zima, ikanipiga kifuani na kunibwaga kwenye zulia. Nilipofumbua macho chumvi imejaa puani, na viti vya mahameli vinaelea. Meli ikajiinua, maji mengine yakaingia, halafu ikatulia, na jua likaendelea kuwaka pale dirishani.

Nikatazama rafu. Ilikuwa tupu. Msahafu ulikuwa kitandani, umefunguka kwa nyuma pale jalada lilipoachana, na katika ile shuka nyeupe unapita mto mweusi.

Mwanangu, wewe umepata kunywa kombe. Umemwona mwalimu akiandika aya kwenye sahani, kisha akaiosha kwa maji, na wino wote ukaondoka bila kusuguliwa. Wino ule ndio huu. Nilizishika kurasa za mwisho, na majina yalikuwa yakitiririka baina ya vidole vyangu. Niliona herufi za "bin" zikivunjika. Niliona mwisho wa jina moja, sikuwahi kusoma mwanzo wake. Nikafumba kiganja nizuie, kama mwendawazimu, na weusi ukatokea upande wa pili. Mdomo wangu ulikuwa ukisema "subiri, subiri," sijui nikimwambia nani.

Mbae aliingia mbio, akafunga dirisha, na hakunilaumu hata kwa jicho. Alisema Bismillahi, akauinua msahafu kwa mikono miwili, akaanza kutenganisha kurasa kwa vipande vya shuka kavu. Za katikati zilikuwa zimeloa ukingoni tu, maneno ya Mola yalibaki yanasomeka. Za mwisho zilikuwa za kahawia, hazina hata herufi moja.

"Kuna nakala?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

Maji yenye wino wa msahafu hayakanyagwi. Basi tulipiga magoti mimi na yule mzee, tukayafyonza yale yaliyokuwa kitandani na zuliani kwa shuka, tukayakamulia katika bakuli ya kunawia, na kama ilivyo ada tukayamwaga baharini. Mimi ndiye niliyeshika bakuli. Bahari iliwachukua watu wale zamani, na mimi mtoto wa watu hao hao nikaipelekea na majina yao. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka viwikoni.

Unguja nilipeleka barua ya mjomba na fundi akaufunga msahafu kwa ngozi mpya nzuri. Nilirudi kwa mashua, sitahani, juu ya magunia.

Mwalimu Lali aliupokea kwa mikono miwili, akausifia ngozi, halafu akafungua nyuma. Akazifunua zile kurasa tupu moja moja. Nikamweleza yote, hata habari ya mnuko, hata makofi. Nilitamani anipige.

"Maneno ya Mola yako kwenye vifua vya wachu," akasema. "Hawa nitawatoa kifua gani? Miaka yote nasoma kwa macho. Niliiaminia karatasi."

Akapeleka habari Chovae na visiwa vyote, wenye watu wao waje. Akaniketisha mbele ya wote na msahafu na kalamu, akasema yeye hatashika, nitaandika mimi. Walikuja. Mmoja alimtaja babake, mwingine kaka zake wawili, mwingine hakukumbuka la babu akaenda nyumbani kumwuliza shangazi. Niliandika siku tatu. Nikaanza kudhani kwamba labda yote yatarudi.

Siku ya tatu akaja Mana Esha wa Chovae, kikongwe anayeshikwa mkono. Alimtaja mumewe na baba wa mumewe, nikaandika. Kisha akaniambia kwamba chomboni mwa mumewe alikuwamo kijana mmoja wa Barawa, hana ndugu huku, na alipotea pamoja naye. Akauvuta msahafu, akatia mkono juu ya ukurasa wa kahawia ambao nilikuwa sijauandika bado. Hakujua kusoma, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

"Yumo humu, aliandikwa na babake Mwalimu," akasema. "Mimi nalimpikia miaka na miaka nikimwita mwanangu tu. Jina lake limenitoka. Nisomee, baba."

Nilimtazama Mwalimu Lali, naye akainamisha uso. Ilinibidi nimwambie mwenyewe kwamba halimo, na kwa nini halimo. Yule bibi hakunilaani. Aliendelea kuupapasa ukurasa kwa muda, kama anayetafuta kwa vidole, halafu akasema, "Basi andika mwanangu." Nikaandika hivyo, bin bila kitu mbele yake.

Mwalimu Lali alifariki, na mimi ndiye ninayesoma sasa, kama unavyojua. Umenisikia kila mwaka nikifika pale nikasitasita, mkadhani ni macho.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Ukiingia mahali pa watu, hata kama unajua mengi, muulize anayepafagia, maana yeye amepaona kila siku na wewe umepaona leo. Akikwambia funga, funga kwanza, kujua kwako kutakungoja. Ukipewa amana, iache katika kile alichoifungia mwenyewe, hata ikinuka. Usiuonee haya mnuko wa kwenu mbele ya mtu ambaye kesho hatakukumbuka. Mimi nilimfurahisha mwanamke mwenye shela kwa dakika moja, na yule wa Barawa nikamkosesha jina mpaka Kiyama.

Nenda, mwanangu. Mola akulinde baharini na nchi kavu, akupe wenzako wema njiani, akurudishe kwa mama yako mzima. Na siku yako itakapofika, ikiwa mbali inshallah, awepo mtu anayekutaja kwa jina lako na la baba yako, asisite. Amin.