Kufuli la Leta Kwenye Kisima cha Mama

Kuna mtu mmoja ninamchukia, na ninaandika haya nikiwa bado ninamchukia. Ni afisa wa huduma ya maji, anakaa mtaa wetu huku Kisangani, nyumba chache tu kutoka kwetu. Mwaka jana alikifunga kisima cha mama.

Kisima hicho baba na mama walikichimba wenyewe, baba akiwa ndani, mama juu akivuta udongo kwa ndoo. Baba alipofariki, kisima ndicho kitu chake kilichobaki, na majirani waliteka bure. Afisa alikuja na polisi, akazunguka ua kidogo, akasema hatuna ruhusa ya kuteka maji ya chini ya ardhi.

"Hii kisima tulichimba siye wenyewe, Papa," mama akamwambia.

"Kuchimba iko kitu ingine, Mama. Mayi iko ya Leta."

Leta ndiyo serikali. Akafunga mfuniko wa chuma kwa mnyororo na kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Ruhusa, alisema, ingepatikana kama mama angepita kwake nyumbani waongee vizuri. Mama hakupita. Alichukua bidoni, dumu la maji, akashuka kwenye chemchemi ya bondeni, na tangu hapo kiuno kikaanza kumuuma, hakikupona. Jioni nilimkanda kwa maji ya moto, na kila nilipomkanda nilikuwa nauona uso wa yule mtu.

Wengine wangemrushia mawe. Mimi nilisoma. Shule sikuimaliza, Kifaransa nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia karanga. Nilipata sheria ya maji kwenye simu, nikaisoma mpaka macho yakawasha. Kwanza nilitafuta kosa letu, maana ndivyo nilivyo: siwezi kumshtaki mtu kabla sijahakikisha kwamba mimi mwenyewe sina doa. Nilipima kwa kamba kutoka kisimani hadi chooni, maana kisima hakitakiwi kukaribiana na choo, nikaona labda kamba ililegea, nikapima tena; umbali ulitosha.

Sheria yenyewe niliipenda. Inasema kweli kwamba maji ni ya taifa na kwamba Leta anapaswa kuyalinda. Lakini inasema pia kwamba mtu anayeteka maji ya kupika na kufua nyumbani kwake haombi ruhusa kwa mtu. Yule afisa alizijua nusu zote mbili. Alituletea moja.

Basi nikatunga hotuba ya Kifaransa, nimwaibishe mbele ya chefu, mkuu wa mtaa. Nilibadilisha neno, nikalirudisha, nikalibadilisha tena. Sikuwahi kuiona imekamilika, kwa hiyo sikuitoa, na mama akaendelea kushuka bondeni. Hilo nalo nikamtwisha afisa.

Kisha mabomba ya mji yakakauka, kama yanavyokauka kila umeme ukiharibika. Jumapili moja mama na wadogo zangu walikwenda misa. Mimi nilidanganya kwamba kichwa kinauma, nikabaki nikifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Hapo nikasikia mnyororo.

Nilichungulia dirishani. Afisa alikuwa ameinama kwenye kisima chetu, kufuli lipo chini, wazi, na yeye anavuta ndoo kwa kamba aliyokuja nayo. Kando yake bidoni zake za njano. Alidhani sote tuko kanisani.

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Lakini mlangoni palikuwa na bidoni tupu, na jikoni palikuwa na mwiko.

Kwetu maji yakirudi, anayeyaona kwanza hupiga bidoni tupu, na mtaa mzima hutoka mbio. Na foleni ikishapangwa, bidoni nyuma ya bidoni, hakuna anayethubutu kufunga maji mbele yake mpaka ya mwisho ijae. Hata wanajeshi huiheshimu foleni hiyo.

Nilipiga mpaka mwiko ukavunjika. Aliponiona alilikimbilia kufuli, lakini nilikuwa nimeshalikanyaga. Ua ukajaa watu na bidoni zao. Jirani yetu, mama mwenyeji wa kijiji cha Yanonge anayeuza samaki wa kukaushwa, alimtazama afisa kuanzia viatu hadi kichwa.

"Ah, Papa. Leta na yeye iko na kiu?"

Akajibu kwamba amekuja kufanya kontroli, yaani ukaguzi.

"Kontroli na bidoni?"

Watu wakacheka. Nikacheka kuliko wote.

Mama akarudi kutoka misa. Niliogopa atamsamehe, maana alikuwa ametoka kupokea komunyo, na nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia. Aliangalia kisima, akaangalia foleni, akakaza kitenge kiunoni. Bidoni za afisa akazibeba mwenyewe, akaziweka mwisho kabisa.

"Papa, kiuno inaniuma," alisema kwa upole. "Kamba iko mukononi mwako. Vutia batu."

Akawavutia watu maji. Jua lilipanda, shati likamganda mgongoni, na foleni iliendelea kurefuka mbele ya bidoni zake, kwa sababu kila aliyechelewa alipewa nafasi na aliyetangulia. Mimi nilileta kiti nikakaa.

Hakurudi tena na mnyororo. Kufuli nimelitundika juu ya mlango wetu, upande wa barabara anayopita kwenda kazini, na kila Jumamosi nalipaka mafuta lisishike kutu. Padri ananiambia nisamehe. Namjibu kwamba ninajaribu, kisha inabidi niungame uongo huo pia.

Ufunguo bado anao yeye. Akilitaka kufuli lake, aje alichukue mbele ya watu.