Walivyomtangaza Dada Yangu

Dada yangu anafua shuka katika hoteli kubwa ya mjini, na kwa miaka mingi hakuna mwanamke niliyemwona akirusha tufe mbali kama yeye. Mtaani wanamwita Mzinga. Jina hilo alipewa na baba yetu, fundi mwashi, aliyekuwa akimchukua kwenye kazi zake tangu akiwa binti mdogo. Dada alibeba matofali huku vibarua wanaume wakihema kama mbwa, na baba akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Huyu si mtoto, huyu mzinga!" Mimi, mdogo wake, nilikabidhiwa ndoo ya maji ya kunywa tu, na hata hayo nilimwaga nusu njiani.

Ninasimulia walichomfanyia, na hasira haijanitoka. Anayetaka kusimuliwa kwa upole akamuulize mwenyekiti wa chama cha riadha. Yeye ana upole mwingi sana.

Yalikuwa mashindano ya taifa. Dada alirusha mara ya mwisho, tufe likaangukia mbali kupita la kila mtu, nami nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Alikuwa bado anajifuta jasho pale kipaza sauti kilipokoroma: "Mshindi wa tufe wanawake afike mara moja ofisi ya waamuzi kwa ajili ya uhakiki wa jinsia."

Uwanja mzima ulisikia. Mtu mmoja akacheka kule juu, halafu jukwaa zima likavunjika mbavu. Dada alisimama na taulo mkononi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Niliruka uzio nikamfuata.

Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya kuwekea vizuizi vya mbio, na mlango wake haukufungika vizuri. Ndani walikaa mwenyekiti, katibu wake, na mama mmoja aliyevaa koti jeupe ambaye mpaka leo sijui alikuwa daktari wa nini.

"Kuna malalamiko," mwenyekiti alisema. "Vua nguo mama huyu akuangalie, tumalize."

"Kanuni gani inasema nivue?" dada akauliza.

"Kanuni zipo. Tutakuonyesha baadaye."

"Na huo mlango?"

Mwenyekiti akautazama mlango. Kwenye upenyo wake yalionekana macho ya watu, manne au sita. "Hao wanapita tu," akasema.

Dada hakuvua. Aliweka taulo begani, akasema, "Mimi nina mama aliyenizaa na kuniogesha. Kama mna swali, mngekuja kuniuliza nyumbani kwetu kama watu." Tukatoka. Medali wakaizuia.

Basi lililoturudisha lilikuwa letu sote wa klabu, na hakuna aliyezungumza naye. Watu aliowafungia viatu, waliolala chumba kimoja naye kambini, ghafla kila mmoja alikuwa na simu ya kutazama.

Hata hivyo alikwenda hospitali kupima. Hawakumlazimisha. Alikwenda kwa sababu alikuwa na swali lake mwenyewe, la siku nyingi. Hakuwahi kupata hedhi. Mama alikuwa akimwambia kuna wanawake wanaochelewa, shangazi yake mmoja alichelewa pia, na miaka ikapita wakiiacha habari hiyo kando. Chama kilitaka nakala ya majibu, naye akakubali, mradi yabaki siri. Daktari, mwanamke mtaratibu, akamwambia aje Jumatatu pamoja na mama ili waelezwe vizuri wakiwa wamekaa.

Jumamosi asubuhi redio ikamweleza.

Alikuwa kazini, kwenye chumba cha mashine, mvuke umejaa na redio ipo juu ya kabati kama kila siku. Mtangazaji wa michezo akamtaja kwa jina lake na la baba. Akasema vipimo vimeonyesha ana kokwa za kiume ndani ya tumbo na homoni za kiume tele. "Mwenyekiti mwenyewe amenithibitishia," akasema kwa furaha, kisha akatupia mzaha ambao siurudii. Wanawake waliokuwa wakikunja shuka pamoja naye wakaacha mikono hewani. Dada alifikiria kwamba anayesemwa ni mtu mwingine mwenye jina kama lake. Alinieleza hivyo baadaye: kwa muda kidogo alimwonea huruma mtu huyo.

Kisha msimamizi akaja kumwambia kuanzia siku hiyo atabadilishia nguo kwenye chumba cha sabuni.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari, mama akiwa amevaa nguo zake za kutokea. Daktari alikuwa na haya kwa kosa lisilo lake. Akaeleza kwamba kuna watoto wanaozaliwa hivyo, kwa nje wasichana kabisa, ndani maumbile tofauti, na kwamba si ugonjwa wala si udanganyifu.

"Sasa mwanangu ni nani?" mama akauliza.

"Mama, yeye anajionaje?"

Dada akajibu kabla mama hajafungua kinywa. "Mimi ni mwanamke. Nimeishi mwanamke. Nilikuja hapa kujua mwili wangu ukoje. Sikuja kuuliza mimi ni nani."

Mama akamshika mkono, na mpaka tunafika nyumbani hakuuachia.

Wiki hiyo akaja mgeni ambaye sikutaka hata kumfungulia. Alikuwa yule aliyeshika nafasi ya pili kwenye tufe, muuza viatu wa sokoni, ambaye kocha wake ndiye aliyepeleka malalamiko. Dada akamkaribisha.

"Dada, kuuliza niliuliza," akaanza. "Sitakudanganya. Tangu shule nipo nyuma yako. Najinyima, najifua, kisha nakuwa wa pili. Nikamwambia kocha, hivi hapa haki ipo? Na bado nauliza."

Damu ikanichemka. Dada akaninyamazisha kwa jicho.

"Una haki ya kuuliza," akamwambia. "Lakini kipaza sauti kilipoita, ulifanya nini?"

Mgeni akainama. "Nilinyamaza."

"Watu walipocheka?"

"Nilinyamaza, dada."

"Basi hilo ndilo linaloniuma. Hilo swali lako haliniumi."

Alikaa mpaka chai ikapoa, na alipoondoka waliagana bila kukumbatiana.

Tukakata rufaa tukidai medali. Kwenye kikao mwenyekiti alisema, bila mshipa wa aibu, kwamba alichofanya ni kuwalinda wanawake.

"Mimi mlinilinda saa ngapi?" dada akauliza. Sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Mkitaka kuweka mpaka, wekeni. Ukae kwenye karatasi kabla sijashika tufe. Niiteni pembeni, mlango ufungwe, niende na daktari ninayemwamini. Mwenzangu naye aambiwe ukweli kwamba hamna jibu rahisi. Lakini ninyi hamkuwa na kanuni. Mlikuwa na kipaza sauti!"

Muuza viatu alikuja bila kuitwa. Akasimama akasema bado anaamini mpaka unatakiwa, na kwamba kwa alichofanyiwa Mzinga anaona haya kuvaa jezi ya taifa. Kocha wake alimkodolea macho. Yeye hakukaa mpaka alipomaliza kusema.

Uamuzi ulitoka nusu kwa nusu. Dada alirudishiwa medali, kwa kuwa kanuni haikuwepo siku ile. Kanuni mpya ikaandikwa, na ina mlango unaofungwa, na daktari wa kuchagua, na adhabu kwa anayetoa siri. Humo humo iliandikwa kwamba mwenye homoni kama zake ameze dawa za kuzipunguza, au asishindane na wanawake. Daktari alimweleza dawa hizo zinaweza kumfanya nini. Dada akasema hatameza dawa kwa ajili ya mwili usioumwa. Uchezaji wake ukaishia hapo, akiwa na miaka ishirini na sita, bado nguvu zikimzidi.

Mwenyekiti aliondolewa kwenye uenyekiti, akafanywa mshauri. Walimwandalia na tafrija.

Kule hotelini dada alikaa chumba cha sabuni siku chache tu, kisha akarudi na begi lake kwa wenzake, akamwambia msimamizi aje amtoe yeye mwenyewe. Msimamizi hakuja.

Sasa ameishtaki redio. Kesi inaahirishwa kila mara: leo wakili anaumwa, kesho hakimu amesafiri. Kila tarehe dada hukaa benchi la mbele kabisa na kumtazama yule mtangazaji usoni, naye hujifanya hamnazo, anachezea saa yake.

Mara ya mwisho nilimwambia, "Dada, tuache. Unajichosha."

"Wewe umechoka?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Basi nenda ukapumzike, mdogo wangu. Mimi nipo."

Karani akatangaza kuahirishwa. Dada akasimama, akapangusa sketi yake, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka nje: "Tarehe ngapi?"