Jiwe la Mpingo na Mwezi Wake

Kwa miaka thelathini na minne Kornelio amechonga mpingo katika banda la bati huko Mbagala, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuunga mti na mti. Gogo moja, kazi moja. Ndivyo baba yake alivyomfundisha kule Newala. Watu wa kinyago hushikana: huyu kambeba yule, yule kamkumbatia huyu, na hakuna anayeelea peke yake. Kikidondoka kipande, kazi nzima inarudi kuwa kuni.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita alikuja Mwalimu Sekela, anayefundisha watoto wasioona katika shule moja ya Temeke. Alitoa shikamoo, akakaa juu ya gogo, akaanza kuzungumza habari za angani. Kati ya Mirihi na Mshtarii, alisema, yapo mawe yasiyo na idadi yanayolizunguka Jua. Moja kati ya hayo ni dogo sana. Lingelazwa hapa lingeanzia Rangi Tatu na kuishia Mtoni, mwendo wa saa moja na kidogo kwa miguu. Na jiwe hilo lina mwezi wake.

Kornelio aliweka tezo chini. Aliuliza ni nani aliyefika huko akauona.

Hakuna, Sekela alimjibu. Hata kwa darubini kubwa, jiwe na mwezi wake ni nukta moja tu ya mwanga. Wataalamu waliitazama nukta ile siku nyingi, wakaona inafifia kidogo, inarudi, inafifia tena, kila mara baada ya muda uleule. Kuna kitu kilikuwa kinapita mbele yake. Waliujua mwezi kwa kivuli. Ndiyo maana alitaka Kornelio awachongee wanafunzi wake jiwe lile na mwezi wake, wavishike: kujua kitu bila kukiona ni habari yao kabisa.

Kornelio aliifanya kazi ile wiki mbili. Alipokuwa akipitisha tupa, kelele za Mbagala zilikwenda mbali, honi na muziki wa singeli na wauza mitumba, kana kwamba mtu amezifunika kwa blanketi. Alibaki na jiwe linalogeuka polepole mahali pasipo upepo wala vumbi, na mwezi wake mdogo ukilifuata, tangu kabla hajatokea mtu wa kuvipa majina. Mara nyingine chai yake ilipoa asijue.

Jiwe lilitoka kubwa kama papai, lenye mashimo na mgongo. Mwezi ulitoka kama ndimu. Na kwa kuwa hakuna anayeelea peke yake, Kornelio aliuchongea mkono mwembamba, mrefu, uliotoka kwenye mwezi na kulishika jiwe begani. Aliupenda mkono ule kuliko vyote.

Siku ya kuipeleka kazi shuleni, wa kwanza kuipokea alikuwa Noela, msichana wa miaka kumi na miwili. Vidole vyake vilizunguka jiwe, vikaingia kila shimo, vikapanda kwenye mkono, vikasimama.

"Babu, huu mkono wa nini?"

"Wa kuushika mwezi, mama, usianguke."

"Uangukie wapi?"

Darasa zima lilicheka, na Kornelio naye alicheka. Kisha watoto waliinama juu ya karatasi zao nene, wakaanza kudunga nukta nundu, maandishi ya wasioona. Kornelio alimwuliza mwalimu wanaandika nini. Wanaandika, Sekela alisema, kwamba mwezi umeungana na jiwe kwa daraja.

Nje ya darasa Sekela alimwomba radhi. Kosa lilikuwa lake, hakumweleza vizuri. Kama jiwe liko hapa Temeke, mwezi uko Bunju, mwisho mwingine wa jiji.

"Na katikati?"

"Hakuna kitu, mzee."

Kornelio aliomba arudi na kazi yake nyumbani. Watoto wale hawana picha ya kulinganisha. Walichokishika ndicho walichokijua, na yeye ndiye aliyekiweka pale.

Bandani, mwenzake Sebastian hakuona tabu. Alimwambia akate mkono atie waya. Waya si utashikwa na vidole? aliuliza Kornelio. Basi mshipi wa kuvulia samaki, alisema Sebastian. Huo nao je, vidole havitauona?

"Braza, basi upake rangi ya hewa," alisema Sebastian, akaendelea kupiga msasa.

Siku tatu kazi ile ilikaa mbele ya Kornelio bila kuguswa. Ya nne alichukua msumeno mdogo. Alikuwa hajawahi kukata kitu alichokwisha kukimaliza. Unga mweusi wa mpingo ulimwagika magotini, na mwezi ukadondoka kiganjani mwake. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Aliuondoa mkono wote, akasugua makovu mawili, la mwezi na la jiwe, mpaka yakatoweka, akapaka kiwi ya viatu ving'ae.

Jumatatu alirudi shuleni asubuhi na mapema, jua likiwa bado chini. Njiani alikuwa ameshawaza: akiuweka mwezi mezani, meza ndiyo itakuwa daraja. Akimpa Noela vyote viwili, mwili wake ndio utakuwa daraja. Alimpa jiwe peke yake, akamsimamisha katikati ya uwanja, akarudi nyuma hatua tatu. Kisha aliuinua mwezi, akaanza kumzunguka.

Sekela alimwelekeza kwa sauti ya chini: mwezi ule hauligeuzii jiwe kisogo. Basi mzee alitembea ubavuubavu, uso kwa Noela, ndala zake zikikwaruza mchanga. Kivuli chake kilipita usoni pa msichana, akapata ubaridi kidogo, kisha jua likarudi. Kikapita tena.

"Ndio huo," alisema Noela.

Alilikumbatia jiwe kwa mkono mmoja, akaunyoosha wa pili kuelekea sauti ya ndala. Aliunyoosha mpaka mwisho, vidole wazi, akaupeperusha juu na chini. Kornelio hakusogea karibu. Aliendelea kutembea.

"Hakuna kitu," alisema Noela, akiwageukia wenzake. "Njooni mshike. Katikati hakuna kitu kabisa."