Mawe ya Bibi Namkunda

Nilipokuwa mtoto, juu ya kaburi la bibi yangu kule Chome palikuwa na mawe kumi na moja. Babu na mimi tulikuwa tumeweka kumi. Hilo jingine sijui mpaka leo aliliweka nani, na waliokuwa na jibu wamekwisha kufa.

Babu Yakobo alikuwa Myahudi. Alikuja kutoka Ulaya akiwa kijana, akawa fundi wa mitambo ya mkonge huko bondeni, akamwoa bibi. Serikali ilipotaifisha mashamba, wakapanda mlimani Chome, kwao bibi. Kwa kuwa Jumamosi hakugusa jembe wala kuni, majirani walimhesabu Msabato mvivu wa kwenda kanisani. Hakuwasahihisha.

Kila likizo mama alinipeleka kwake. Ijumaa jioni aliwasha mishumaa miwili na kunisomesha maneno ya kwao, nami niliyakariri bila kuyaelewa. Bibi alipofariki, babu alinifundisha kupeleka jiwe kaburini. "Ua hunyauka," alisema. "Jiwe linasema: nilikuja."

Mwaka mmoja mvua ya masika haikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa magotini, na ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ikabaki tope. Wazee wa kwetu waliamini kwamba marehemu huwaombea mvua walio hai, na kwamba jiwe la mgeni juu ya kaburi humfunga mdomo.

Jumamosi moja akaja balozi wa nyumba kumi, Mzee Mchome, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, balozi. Karibu."

"Nimetumwa na wazee. Yale mawe yanamfunga mama mdomo."

"Namkunda?" Babu akacheka. "Miaka thelathini mimi nilishindwa kumfunga mdomo, vijiwe vitaweza?"

Balozi naye alicheka, kisha akainama. "Watoto wanalala na uji wa pumba, mzee. Wameanza kumtaja mama vibaya. Wamekubaliana mawe yaondolewe, na ayaondoe mtu wa damu yake."

Mume si damu. Wa damu pale nilikuwa mimi.

Babu alinigeukia, akanitazama.

"Basi iwe kesho," balozi akasema kwa upole. "Leo ni siku yako."

"Njaa nayo inapumzika Jumamosi?" Babu akasimama, akachukua kikapu.

Njiani nilimwuliza kama anaamini.

"Siamini. Ila sitaki mtu alale akidhani bibi yako ndiye anayemnyima chakula."

Kwa miaka mingi niliwalaumu wazee wale. Siwalaumu tena, walikuwa na watoto, nao walishika walichoachiwa na baba zao, kama babu alivyoshika cha kwao. Mvua ilikuja vuli, kama kawaida yake. Babu hakupeleka jiwe tena, na likizo iliyofuata alikuwa amekwisha kufariki. Yale maneno ya Ijumaa yamenitoka karibu yote. Wanangu nimewapa kidogo sana, na kidogo chenyewe ni habari ya siku ile.

Wazee waliamua, babu akakubali. Mawe niliyatoa mimi, moja baada ya jingine, na mzee ambaye Jumamosi hakuwahi kubeba hata kuni alinishikia kikapu mpaka kikajaa.