Mate ya Baba Mkwe

Mwanangu, kosa langu la kwanza nikiwa baba nililifanya kaka yako Saidi akiwa na siku nane tu: nilimpokonya kutoka mikononi mwa babu yake.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wakijenga boma lao hapa Arusha, nami nilikuja kutoka Pangani na mafundi wa mawe. Nikamwoa Naserian, binti wa Kiarusha, bila ridhaa ya baba yake. Mzee yule alikaa mwaka mzima kule juu mlimani bila kukanyaga kwetu. Siku aliposhuka kumwona mjukuu, Naserian alijaa furaha. Mimi nilijaa hofu. Nilikuwa nimejifunza lugha yao peke yangu, nikirudia salamu njia nzima ya kwenda kazini, maana sikutaka kukosea hata neno moja.

Salamu sikukosea. Mzee akampokea mtoto, akamtazama, kisha akamtemea mate kwenye paji la uso.

Nikamvuta mtoto kwa nguvu hata akalia, nikafoka, "Unamtemea mwanangu? Chuki yako imalizie kwangu!"

Mzee akabaki na mikono mitupu, bado ameinyoosha. Akachukua fimbo yake akaondoka.

"Umefanya nini, baba Saidi?" Naserian akasema. "Alikuwa anambariki! Kwetu ndivyo wazee wanavyobariki. Sasa baba harudi tena."

Nilikimbia na mtoto kifuani, nikamkuta mzee anakaribia kuvuka mto. Salamu zote zilinitoka kichwani. Nikapiga magoti kwenye tope.

"Baba, niliona mate. Tusi nimeliongeza mwenyewe."

Akanitazama mpaka nikaogopa. "Macho yako mazima, mtu wa pwani. Shida ni hicho kichwa, kinakimbia kama ndama aliyefunguliwa." Akacheka, akanyoosha mikono. Nikampa mtoto.

Mwanangu, jicho linaleta umbo na sikio linaleta sauti. Maana tunaitia sisi, kutokana na tulikolelewa na tunachokiogopa. Mimi nilimwogopa yule mzee, ndiyo maana nikaona chuki. Kabla hujakasirika, jiulize umeona nini hasa, na nini umekiongeza. Kisha muulize mwenyewe. Mungu akujalie watu wa kukuvumilia siku utakayokosea.

Mimi uoga haujaniisha hadi leo. Lakini tangu siku ile, nauliza kwanza.