Mama Pasi na Sevisi Kumi za Kulipia Kabla

Mama Pasi hakuwa mtu wa kupigwa changa la macho. Alilisema hilo mwenyewe, na kila alipolisema aliikandamiza pasi kana kwamba shuka ndilo lililombishia. Miaka thelathini na mmoja alikuwa dobi. Alianza na pasi ya mkaa na beseni moja la bati, mtoto mgongoni. Sasa alikuwa na mashine tatu za kufulia, wanawake wanne wa kupiga pasi, na wateja wa kudumu: hospitali moja na nyumba mbili za wageni. Kila kitu duniani alikipima kwa mashuka. Mtajie bei ya mfuko wa saruji, atafumba jicho moja aseme, "Mashuka thelathini hayo," yaani yamefuliwa, yamenyooshwa na kukunjwa. Hapo ndipo moyo wake ungejua kama kitu ni ghali au rahisi.

Sasa, mwaka ule akanunua gari jipya. Jipya kabisa, si jipya la kusema tu. Lilikuwa dogo, jeupe, la mlango wa kusukuma ubavuni, viti vyake bado vimevaa nailoni. Hakupenda, alilazimika. Gari lake la zamani, ambalo mtaa mzima uliliita Mkweche, lilizimika njiani mara mbili katika mwezi mmoja na mashuka ya hospitali yakiwa ndani, na mkuu wa stoo ya hospitali akamwambia, kwa upole ule wa watu wa ofisi, kwamba wagonjwa hawawezi kulalia ahadi.

Siku ya kulichukua, muuzaji wa duka la magari, mwanamume mpole wa tai nyekundu, alimsogezea karatasi ya kung'aa.

"Mama, huu ni mpango wetu wa sevisi. Unalipa mara moja tu, leo, na kwa miaka mitano unatuletea gari mara kumi. Oili, chujio, plagi, kukagua breki, vyote juu yetu. Bei zikipanda huko nje, wewe hazikuhusu."

"Na hela yote nawapa leo?"

"Leo, mama. Ndiyo raha yake."

"Raha ya nani?"

Mtu wa tai alicheka. Mama Pasi hakucheka. Alifumba jicho moja. Mashuka elfu mbili na mia nane. Akasema atafikiria, akapewa wiki mbili, akaikunja ile karatasi mara nne, kona kwa kona, kama foronya.

Lakini kusema kweli si bei iliyomkaa rohoni. Aliyemkaa rohoni ni Shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa uwanja mweusi kwa oili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Siku walipomzika kaka yake hakulia mbele za watu. Alimsogelea mjane, akasema, "Gari nitalitazama mimi." Na akalitazama, miaka kumi na minane. Hela hakupokea hata siku moja. Malipo yake yalikuwa mashati saba meupe kila Jumamosi, yamefuliwa, yametiwa wanga, kola zimesimama. Maana mtu huyu aliyeshinda mvunguni mwa magari ya watu alikuwa na ugonjwa wa mashati meupe. Akivua ovaroli tu, ungemdhania hakimu. Ukoo mzima ulijua kwamba gari la Mama Pasi haliguswi na spana nyingine. Kumwambia leo kwamba kuna watu wa tai watakaolishika, ilikuwa ni kumwambia, ahsante shemeji, sasa nenda zako. Na Mama Pasi, aliyeweza kumfokea hata daktari mkuu kwa ajili ya shuka lililochanika, hakuwa na mdomo wa kulisema hilo.

Taabu ni kwamba alikuwa ameshamwona.

Siku gari lilipofika nyumbani, Shemeji alikuja na shati lake jeupe, akapangusa mikono iliyokuwa safi, akafungua boneti. Akatulia. Injini ya kuonekana haikuwepo. Palikuwa na mfuniko mweusi wa plastiki, laini kama sinia. Akainama upande huu, akainama upande ule. Alikuwa anatafuta fimbo ya kupimia oili. Aliitafuta kwa macho, halafu kwa vidole, halafu kwa miwani, ile ambayo siku zote alidai ni ya kusomea gazeti tu. Mama Pasi alisimama mlangoni na kikapu, akihesabu foronya alizokwisha kuzihesabu.

"Wameificha," Shemeji alisema mwishowe. "Watu wabaya sana hawa."

"Itakuwa iko hapo hapo, shemeji."

"Iko. Itakwenda wapi?" Akashusha boneti polepole kwa viganja viwili, kama anayemfunika mtoto aliyelala. "Injini safi. Muda wa sevisi ukifika nitaifanya mwenyewe. Usiniletee mtu hapa."

Alipoondoka, Mama Pasi alitoa kitabu cha gari, akatafuta ukurasa wa oili, akausoma kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa darasa la tatu. Gari lile halikuwa na fimbo kabisa. Oili ilipimwa na kompyuta, majibu yakaonekana kwenye kioo kidogo mbele ya dereva. Alikifunga kitabu, akakirudisha mahali pake, na hakumwambia mtu.

Jumapili akaja binti yake wa mwisho, mhasibu wa shule, ambaye simu ilikuwa kidole chake cha sita. Aliisoma ile karatasi ya kung'aa, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mama, chukua. Ukigawanya kwa kumi, kila sevisi inakuwa rahisi kuliko kulipa moja moja."

"Ukigawanya kwa kumi."

"Si ziko kumi?"

"Ngoja kwanza, mjuzi wa hesabu." Mama Pasi alikwenda rafuni akashusha kopo la biskuti. Ndani hamkuwa na biskuti tangu zamani za mumewe. Mlikuwa na kadi. Kwa miaka tisa alikuwa akiwauzia watu wa mtaani kadi za kufuliwa: unalipia mizigo kumi kwa mpigo, kila mzigo unagongewa alama kwa kifungo cha koti alichokigandisha kwenye kizibo, na mzigo wa kumi na moja ni bure. Kadi alizitunza yeye mwenyewe, kwa sababu wateja walizileta zimesahauliwa ndani ya suruali na zikafuliwa pamoja nazo.

"Haya, gawanya na hizi. Huyu kinyozi, alama nne, akahama. Huyu mwalimu, sita, akaoa. Huyu bwana mwembamba wa posta, mbili, akanunua mashine yake. Huyu saba, akanikasirikia. Sasa nitafutie aliyefika kumi."

Binti akapekua mpaka chini ya kopo. "Huyu hapa! Kumi zote."

"Hiyo ni yangu. Nilikuwa najaribu kifungo."

"Mama! Kumbe miaka yote unawaibia watu?"

"Adabu yako. Kuiba? Mlango wangu uko wazi kila siku saa moja asubuhi. Nani nimemzuia? Wanalipa, halafu hawaji, ndivyo walivyoumbwa. Ile mashine ya katikati unayoiona imenunuliwa na watu ambao hawakuja."

"Basi usichukue huo mpango. Mchezo wote unaujua."

"Sichukui."

"Sasa mbona umenuna?"

"Nani kanuna? Ndiyo sura yangu."

Binti alimtazama mama yake, akaona kwamba kuna jambo, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akauliza kama kuna chai.

Wiki mbili zilipokaribia kwisha, Mama Pasi alikuwa ameamua. Mpango hatachukua. Kulipeleka gari kwa siri na kulipa moja moja pia hataweza, maana Shemeji angejua kwa kunusa tu kwamba oili imebadilishwa na mkono mwingine. Basi siku ya sevisi ikifika atamwachia Shemeji afungue anachojua kufungua, na gari likifa, lifie mikononi mwa ndugu. Hospitali atawaambia nini, hakujua. Alivaa gauni lake la kijani la mikutano, akaenda dukani kusema hapana. Yeye mwenyewe mfanyabiashara. Hakupenda tabia ya kumwacha mtu akisubiri.

"Nimekuja kukataa," alimwambia mtu wa tai kabla hajakaribishwa kiti. "Na nitakwambia kwa nini. Mimi pia nauza kadi. Najua mnakula wapi. Katika watu kumi wanaolipia, wangapi wanamaliza sevisi zote?"

Mtu wa tai alikohoa. "Wapo wanaomaliza, mama."

"Nitajie mmoja."

Alitazama kompyuta yake kama anayemtafuta, lakini kompyuta haikumsaidia. "Basi sawa, mama," akasema kwa unyonge. "Ni haki yako. Ila yule mzee wako atasikitika."

"Mzee gani?"

"Yule wa shati jeupe, la wanga. Kaja hapa mara mbili. Kauliza mpango unagusa breki au haugusi. Kauliza kompyuta yetu inapimaje oili. Nikamwonyesha, akaandika kwenye karatasi. Mara ya pili akaniambia nikushikilie, usitoke humu hujalipia. Akasema wewe ni mbishi, lakini nikikusifia mashuka yako utalegea." Hapo akajishika mdomo. "Aliniapisha nisimtaje."

"Na umemtaja."

"Nimemtaja, mama."

"Mbona mashuka yangu hukuyasifia?"

"Nilikuwa naelekea huko."

Mama Pasi alikaa. Ukuta mmoja wa ofisi ile ulikuwa wa kioo, na ng'ambo yake mafundi wa ovaroli safi walizunguka magari bila kelele. Alimwona Shemeji akilini, amesimama papo hapo na miwani yake ya gazeti, anaandika. Kwa hiyo naye alijua. Tangu siku ya boneti alijua, naye alikuwa hana mdomo wa kulisema. Watu wazima wawili, wenye wajukuu, walikuwa wamefichana jambo lilelile kwa siku kumi na moja, na kila mmoja akajiona hodari.

Akafumba jicho moja. Mashuka elfu mbili na mia nane. Kwa sevisi kumi, ulikuwa ujinga. Hilo alilijua kuliko aliyekuwa anauuza mpango. Lakini karatasi ile ingeweza kusema nyumbani kwake kitu ambacho yeye na Shemeji hawakuweza: hela imeshatoka, hairudi, basi gari liende. Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyeshindwa. Akalifumbua jicho. Akaona ni rahisi.

"Andika," akasema. "Kabla sijapata akili."

Nyumbani alimkuta Shemeji ameketi kibarazani, amekuja kuchukua mashati, ingawa ilikuwa Alhamisi.

"Shemeji, nimeibiwa," Mama Pasi alisema, akamtupia kadi yenye visanduku kumi. "Yule mtu ana maneno matamu. Kabla sijageuka nimeshalipa."

Shemeji aliruka kwenye kiti. "Umelipa? Sevisi? Gari langu washike wao?" Alikuwa mwigizaji mbaya sana. "Mpaka breki?"

"Mpaka breki."

"Na kompyuta ya oili?"

"Kumbe kuna kompyuta ya oili?"

Shemeji akasita kidogo. "Nasikia. Watu wanasema." Akaketi tena, na mabega yake yakashuka, kama ya mtu aliyetua gunia. "Wezi wakubwa. Basi. Hela ikishakwenda imekwenda, tutafanyaje." Akaigeuza kadi mkononi, akaitazama mbele na nyuma, halafu akauliza akiwa ameinamia sakafu, "Sasa, na haya mashati?"

"Yana nini mashati?"

"Si kazi sina tena. Siwezi kula wanga wa bure."

"Kusimamia wezi siyo kazi? Nani atakwenda kule ahakikishe wametoa zote kumi? Mimi? Na mashuka nani atapiga pasi?"

Shemeji alinyanyua kichwa. Kisha akaitia kadi kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akaipigapiga mara mbili.

"Kumi watatoa," alisema. "Watatoa hata kama hawataki."

Na sevisi ya kwanza ilipofika, hakungoja kukumbushwa. Alikuwa mlangoni kwa mtu wa tai kabla duka halijafunguliwa. Walimkaribisha kwenye kochi, akakataa kochi. Walimpa kahawa, akaishika bila kuinywa, amesimama kwenye ukuta wa kioo mpaka fundi mmoja, mwanamke wa ovaroli safi, akamwonea haya, akamfungulia. Akataka aonyeshwe chujio la zamani. Akaonyeshwa. Akataka aonyeshwe oili iliyotolewa. Akachovya kidole, akanusa, akasugua kwa dole gumba, akamwambia yule mwanamke kwamba injini hii inapandishwa mlima ikiwa baridi, na dereva aonywe. Mwanamke alitazama kompyuta yake, halafu akamtazama yeye, halafu akaandika.

Hayo Mama Pasi aliyasikia kwa mtu wa tai, aliyempigia simu kuuliza, kwa heshima zote, kama mzee atakuja mara zote kumi.

"Zote," Mama Pasi alimjibu. "Mlipata bahati mbaya."

Jumamosi alichambua mashati ya Shemeji. Sita yalikuwa na jasho la kawaida. La saba, kifuani, juu ya mfuko, lilikuwa na doa la oili, moja, la mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti. Miaka kumi na minane mtu yule hakuwahi kuleta shati lenye doa la kazi. Alivaa meupe ili watu wasijue mikono yake ilikotoka. Mama Pasi aliliinua shati kwenye mwanga wa dirisha. Alijua dawa ya oili. Alijua dawa ya kila doa lililowahi kumwangukia binadamu.

Akalitia sabuni ya kawaida, akalisugua kidogo tu, kwa ajili ya ushahidi. Likabaki kivuli. Akalitia wanga, akalinyoosha, akasimamisha kola, akaliweka juu ya yale mengine ambapo lingeonekana.

"Bado tisa," akasema, akachukua shuka jingine.